Upepo wa Kivu, mwezi mpevu na faini ya siku ya posho



Kila juma katika safu hii tunaleta habari ya njia na mvua: wapi lori limekwama, mto gani umejaa, nani amepita na nani bado analala Kasika. Juma hili tunaacha barabara kando kwanza, tunaanza na ziwa. Tangu mwezi wa kumi, wenzetu wanaoshuka Bukavu na kuendelea mpaka Idjwi, Minova na Goma kutafuta maharagi, vitunguu na sambaza wanatuuliza swali moja: je, bado tupande boti? Na nyuma ya swali hilo liko lingine, ambalo wengi wanalisema kwa sauti ya chini, la faini ya siku ya posho. Tutafika huko.

Wote mnajua kilichotokea tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 2024. Meli MV Merdi ilitoka Minova na abiria wengi kuliko nafasi yake, ikazama ikiwa imeshakaribia kabisa bandari ndogo ya Kituku, kule Goma. Watu waliokuwa ng'ambo wakingoja mizigo yao waliona kwa macho. Gavana wa Kivu ya Kusini alitangaza kwamba watu 78 walikufa kati ya 278 waliokuwa ndani. Upande wa Goma walitoa hesabu nyingine, iliyo ndogo. Kwa nini walikuwa wengi vile? Kwa sababu barabara ya Minova na Goma ilikuwa imefungwa na vita, na kila gunia la chakula lililokuwa likipita kwa lori lilipita majini. Wachuruzi wanawake walikuwa wengi humo.

Tunasema jambo hili mwanzoni kwa sababu tumesikia hapa Kamituga watu wakisema "upepo uliwaua". Upepo una makosa yake, tutayasema. Lakini meli iliyojaa kupita kipimo haihitaji dhoruba. Inatosha watu wasimame pamoja upande mmoja wakiona bandari.

Sasa habari ya upepo wenyewe. Sisi watu wa mlima na wa machimbo ziwa tunaliona mara moja moja, na wengi wetu tunaliita bahari, kama walivyoita wazee wetu. Ni kubwa kweli: urefu wake unakaribia kilometa 90 kutoka Bukavu hadi Goma, kina kinafika karibu mita 485, na uso wake uko juu, mita 1460 hivi kupita usawa wa bahari ile ya chumvi. Milima imelizunguka pande zote. Hiyo milima ndiyo inayotengeneza upepo.

Mchana jua linapasha udongo joto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi kavu inapanda, na ile ya ziwa iliyo baridi zaidi inakuja kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana kuanzia saa nne au saa tano asubuhi mtu aliyesimama ufukweni anasikia upepo ukitoka majini. Hewa hiyo inapanda milima ya Kalehe na Kabare, inabeba mvuke, inakuwa mawingu, na baada ya saa nane mawingu yanakuwa meusi. Usiku mambo yanageuka. Milima inapoa, hewa baridi inateremka mabondeni na kuingia ziwani. Kwenye maziwa makubwa kama Victoria wataalamu wameona kwamba hewa hiyo ya usiku inatoka pande zote, inakutana katikati, inainua mvuke tena na kuleta dhoruba saa za usiku wa manane. Kwa hiyo asiyependa mvua ya jioni asifikiri kwamba usiku ni salama kwa sababu tu anga lilikuwa na nyota alipopanda.

Saa ya utulivu zaidi ni alfajiri mpaka kama saa tatu au saa nne asubuhi. Wavuvi wanajua hivyo bila kusoma popote. Mkisikia boti ya mbao itaondoka "asubuhi" na saa sita bado inapakia magunia, basi hiyo si boti ya asubuhi tena. Itakuwa katikati ya maji wakati ule ule mawingu yanapofunguka.

Dalili za dhoruba nazo tuziseme, maana si kila mama anayesafiri amezaliwa Idjwi. Wingu jeusi lenye pazia la kijivu chini yake, hapo mvua imeshaanza kunyesha. Kisha upepo unatulia ghafla, joto linabana. Kisha unasikia hewa baridi usoni, na juu ya maji unaona mstari mweusi unaokuja mbio. Huo ni upepo unaotangulia mvua. Hewa iliyopozwa na mvua inaanguka chini kwa uzito na kusambaa mbele ya wingu, na mara nyingi ndio mkali kuliko wote utakaofuata. Boti ndogo hupinduka katika dakika hizo za kwanza, kabla hata tone halijaanguka. Ukiuona mstari huo ungali ufukweni, teremka, hata kama nauli imekwisha lipwa.

Visiwa vinabadilisha hesabu. Wimbi linakua kwa mambo matatu: nguvu ya upepo, muda unaovuma, na nafasi ya wazi ambayo upepo unakimbia juu yake bila kuzuiwa. Idjwi kimelala katikati ya ziwa, kirefu kama kilometa 40, na kinafanya kazi ya ukuta. Katika mlango wa magharibi, kati ya Idjwi na pwani ya Kalehe, boti ina nchi kavu pande zote mbili, na kuna visiwa vidogo na ghuba za kujificha. Upande wa Bukavu ziwa limebanwa na rasi nyingi, mawimbi hayapati nafasi. Lakini ukishakiacha kichwa cha kaskazini cha Idjwi na kuelekea Goma, ziwa linafunguka lote. Pale ndipo pana maji mapana na yenye kina kuliko popote, na pale wimbi linakua. Wengi hulala usingizi katika mlango wa Kalehe kwa sababu maji ni kama ya sahani, wanaamka kaskazini wakitapika.

Mama mmoja wa soko letu alituuliza kama mawimbi makali yanaweza kuchokoza ile gesi iliyo chini ya Kivu. Swali ni zuri, na jibu litampa usingizi. Gesi iko, tena nyingi, ya kaboni na ya metani, lakini imelala chini sana katika maji mazito yenye chumvi. Upepo wa kiangazi, ambao ndio unaochanganya maji kuliko mwingine, unafika chini kama mita 60 tu. Wimbi la jioni haligusi kule. Kitakachokuzamisha wewe kiko juu ya maji: upepo, magunia, na mwenye boti anayesema "bado watu wawili tu".

Kuna mmoja atasema ziwa la Tanganyika ni baya zaidi. Ndiyo, kwa namna yake. Lina urefu wa kilometa zaidi ya 670, halina Idjwi katikati, na wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, upepo wa kusini unapanda kuelekea Uvira siku nyingi mfululizo. Ni ndugu wa ule ambao watu wa Zanzibar wanauita kusi. Wenzetu wanaoleta ndagala kutoka Baraka wanaujua. Lakini saa hii ni mwezi wa kumi na moja, kusi imekwisha, na hatari ya sasa kwa maziwa yote mawili ni dhoruba za mvua.

Na radi. Hapa tunataka kusimama kidogo.

Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliotumia macho ya satelaiti kuhesabu miale ya radi duniani kote kwa miaka mingi. Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa Ziwa Maracaibo la Venezuela. Nafasi ya pili ilikwenda kwetu: eneo la Kabare, hapa hapa Kivu ya Kusini, zaidi ya miale 200 kwa kila kilometa moja ya mraba kwa mwaka. Ya tatu ni Kampene, kule Maniema, na ya tano ni Sake. Watu wa mbali wakisikia jina la Kamituga wanafikiri dhahabu, au tangu mwaka 2023 wanafikiri mpox. Wangejua kwamba tunakaa kati ya Kabare na Kampene wangefikiri kwanza radi.

Sababu yake ni ile ile tuliyoeleza: mvuke wa msitu upande wa magharibi, milima mirefu, na maziwa, vyote vikisukuma hewa juu kila alasiri. Tunalisema hili kwa sababu bado kila msimu wa mvua, radi ikiua mtoto au mbuzi, kuna mahali watu wanaanza kutafuta nani "aliyeituma", na mara nyingi kidole kinaishia kwa bibi mjane asiye na mtu wa kumtetea. Radi 200 kwa kilometa moja kwa mwaka! Hakuna bibi mwenye nguvu za kazi hiyo. Ikipiga, ingieni ndani ya nyumba au ndani ya gari lililofungwa, msisimame chini ya mti mrefu peke yake, na kwa boti ya wazi jibu ni moja, kuwa ufukweni kabla haijaanza.

Turudi kwa safari. Mambo machache ambayo tunaomba kila mama ayatazame kabla hajalipa.

Jile. Baada ya ajali ya mwezi wa nne 2019, ile ambayo watu zaidi ya mia walipotea upande wa Kalehe, Rais Tshisekedi alikwenda kule na kuamuru jile za kuokoa maisha ziwe lazima kwa kila abiria. Amri iko. Jile nazo mara nyingine ziko, lakini zimefungwa kwa kamba katika rundo moja nyuma ya magunia, kwa ajili ya macho ya mtu wa serikali. Jile iliyo kwenye rundo ni sawa na hakuna. Ivae, ifunge, kabla boti haijatoka.

Na mtoto. Hapa wamama tusikilizane vizuri. Desturi yetu ni kumfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, na mahali pengine pote hakuna pazuri kuliko hapo. Ndani ya boti usimfunge mgongoni. Jile nzuri inamgeuza mtu alale chali, uso juu, apate kupumua. Sasa fikiri mtoto aliye mgongoni yuko wapi wakati huo. Mshike mbele, kifuani, na kama jile ya mtoto haipo, hiyo ni sababu ya kutosha ya kungoja boti nyingine.

Usikae chumba cha chini kwenye meli yenye mlango mmoja, hata kama kuna baridi juu. Na tazama mstari wa maji ubavuni mwa boti. Kama mkono wako unagusa ziwa ukiwa umekaa, boti imeshapita kipimo chake.

Mtu akituambia "lakini watu wa Idjwi wanavuka kila siku", tunakubali. Nao pia wanajua bei yake. Kwa miaka mingi wanaume wa kisiwa walivusha kahawa yao usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, kwa sababu upande wetu hapakuwa na soko la maana, na wengi walizama na kuacha wajane. Leo baadhi ya wajane hao wanauza kahawa hiyo wenyewe kwa bei nzuri, bila kuvuka usiku. Chama cha Rebuild Women's Hope, ambacho kiliundwa na mama Marcelline Budza, kimejenga mahali pa kusafishia kahawa pale kisiwani. Soko liliposogea karibu, safari ya usiku ilipungua. Kumbukeni hilo tukifika kwenye faini.

Kwanza sambaza, maana juma hili bei imepanda na mmetulaumu kana kwamba sisi ndio tunavua. Sababu iko angani. Wavuvi wa Kivu wanatumia mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, na taa. Sambaza wanakuja kwenye mwanga, wavu unainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, taa haina kazi tena, na samaki wanatawanyika. Mwezi unajaa siku ya tano, tarehe 15. Kwa hiyo kuanzia sasa mpaka siku kadhaa baada ya hapo, sambaza watakuwa wachache na ghali, na anayekwenda Bukavu kwa ajili yao anakwenda bure. Anayeweza kungoja giza lirudi, angoje. (Kwa wanaopenda kujua: samaki huyu si mzaliwa wa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960. Bibi zetu walikua bila yeye.)

Barabara kwa ufupi. RN2 iko kama ilivyo kila mwezi wa kumi na moja. Kilometa zile 180 hivi za Bukavu zinaweza kuchukua siku moja au siku nne. Kati ya Burhale na Kasika, anayesafiri kwa pikipiki aondoke mapema asubuhi, kwa sababu hiyo hiyo ya mawingu ya mchana. Kwa wamama wanaotwanga mawe na wanaookota mchanga kando ya mashimo: mvua ikipiga mfululizo, tokeni kwenye miteremko. Hatuna haja ya kuwakumbusha tarehe 11 mwezi wa tisa 2020, vijana kama 50 waliofunikwa hapa kwetu baada ya mvua. Na Kalehe mwaka 2023, tarehe 4 mwezi wa tano, mito ilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, zaidi ya watu 400 wakafa. Ilikuwa siku ya nne ya juma, siku ya soko la Nyamukubi. Wengi waliokuwepo hawakuwa hata wakaaji wa pale. Walikuja kuuza na kununua.

Basi, faini. Mnajua kanuni ya sanduku letu: aliyekopa arudishe siku ya posho, kabla mkutano haujafungwa, na akichelewa analipa faini. Kanuni hii imelinda sanduku. Bila hiyo, wengine wangerudisha kwa wakati na wengine wangekuwa na hadithi, na tunajua vikundi hapa mjini vilivyokufa kwa hadithi. Wanaoitetea wana haki.

Lakini hesabu ya mama aliyeko Minova siku ya nne mchana ni hii. Magunia yako tayari. Boti ya alfajiri imekosekana. Iko moja inayoondoka saa tisa, imejaa, na wingu limesimama juu ya Kalehe. Akilala, atafika Bukavu kesho, na lori la Kamituga litakuwa limeondoka. Siku ya posho itampita. Faini ikirudiwa majuma mawili inakula faida ya gunia zima. Kwa hiyo anapanda. Watatu kati ya wanachama wetu wametuambia kwamba msimu huu walipanda boti waliyoiogopa kwa sababu ya tarehe, na mmoja alisema alikuwa akihesabu franka za faini wakati maji yanaingia miguuni.

Mapendekezo yaliyoletwa mezani ni mawili. La kwanza: kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano, mama aliye safarini akipiga simu au kutuma ujumbe kwa mweka hesabu kabla ya siku ya posho, na kusema yuko wapi, anapata siku saba bila faini. Asiyepiga simu analipa kama kawaida. La pili, ambalo limetoka kwa wamama wa soko: sanduku linunue jile kumi, sita za watu wakubwa na nne za watoto, zikae kwa mwenzetu mmoja Bukavu, na anayepanda boti achukue na kurudisha. Wanaopinga la kwanza wanasema simu ni rahisi kudanganya. Sisi tunaoandika safu hii tunaliunga mkono, na tunadhani mwenye kutaka kudanganya alikuwa na njia nyingi hata kabla ya simu. La pili gharama yake lazima ihesabiwe kwanza, na aliye na bei ya kweli ya jile kutoka Bukavu, si ya kusikia, aje nayo.

Kura ni siku ya posho tarehe 16, saa nane, mahali pale pale. Mvua ikinyesha tutaingia ndani. Walioko njiani watume neno lao kwa mtu anayekuja.